Sauti inaenda, picha inakwama: jibu kwa mwalimu anayerekodi masomo kwa OBS

Swali hili limetoka kwa mwalimu wa hisabati wa sekondari anayeishi Umoja, hapa Nairobi. Nimelifupisha kidogo:

"Fundi, habari za kazi. Narekodi masomo ya hisabati ya kidato cha nne kwa OBS Studio, ile programu ya kurekodi skrini. Naandika kwenye skrini kwa kalamu ya kidijitali huku nikieleza. Laptopu nilinunua Luthuli, ni zile zilizotumika Uingereza: prosesa ni Core i5-6300U, RAM 8GB, skrini ya 1920 kwa 1080. Sauti inatoka vizuri, lakini picha inakwamakwama na mstari ninaouchora unatokea vipande vipande. Nilishauriwa nitumie x264 na kuiweka 'slow' ili ubora upande, niongeze bitireti hadi 40,000, tena nichague fremu 25 PAL kwa kuwa Kenya ni nchi ya PAL, ule mfumo wa runinga ya analogi. Nimefanya yote hayo na hali imezidi. Katika rekodi ya dakika kama 11, OBS inaniambia fremu 6,142 kati ya 16,200 zimerukwa, asilimia 37.9, imeandika 'encoding lag'. Penye 'rendering lag' ni asilimia 0.4. Je, ninunue laptopu nyingine, au ni intaneti ya nyumbani haitoshi?"

Mwalimu, pesa zako zibaki mfukoni. Laptopu uliyo nayo inaiweza kazi hii, na intaneti haimo kabisa. Kurekodi hufanyika ndani ya mashine yako, faili inatua kwenye diski bila kupita mtandaoni. Intaneti huingia siku ya kupakia somo, au ukiwa unarusha matangazo moja kwa moja. Nimeona watu wakipandisha kifurushi cha nyumbani mara mbili kwa tatizo kama lako, na inaniuma kwa sababu jibu lilikuwa mbele yao kwenye skrini.

Wewe umenisaidia kuliko wengi wanaoniandikia, maana umeniletea namba. Kidirisha cha "Stats" katika OBS kina hesabu tatu, na karibu kila ushauri mbaya ninaousikia unatokana na kuzichanganya. Fikiria kibanda cha chapati chenye watu watatu: mmoja anasukuma unga, wa pili yuko kwenye kikaango, wa tatu anapelekea wateja. Kusukuma ndiko kuchora fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, kazi ya kadi ya picha, na ikichelewa OBS huandika "rendering lag". Kikaango ni enkoda, ile sehemu inayofinya picha ili itoshe kwenye faili. Ikishindwa kwenda na kasi ya anayesukuma, OBS huandika "encoding lag". Wa tatu ni mtandao, na fremu zake zilizoanguka hazikuhusu hadi siku utakapotangaza moja kwa moja. Kwako anayesukuma hana shida, asilimia 0.4 ni kidogo mno. Kikaango ndicho kimelemewa, na hakuna haja ya kugusa kingine chochote kabla ya hicho.

Nieleze kwa nini kimelemewa, kwa sababu ukiielewa hii hutahitaji tena kuuliza mtu akupe "mipangilio bora". Picha moja ya skrini yako ina pikseli zaidi ya milioni 2. Katika muundo wa rangi ambao OBS hutumia kwa kawaida, hiyo ni karibu megabaiti 3.1 kwa fremu moja. Kwa fremu 30 kila sekunde ni megabaiti 93 kwa sekunde, na somo la saa moja lingekula gigabaiti 336 kama lisingefinywa. Enkoda ndiyo inayozuia hilo. Inalinganisha fremu mpya na zilizotangulia, inatafuta kilichohama na kilichobaki palepale, kisha inaandika tofauti tu. Ukiwa kwenye fremu 25 kwa sekunde, ina milisekunde 40 za kumaliza kila fremu. Ikichelewa, OBS haiwezi kusimamisha dunia iisubiri. Inarudia fremu iliyopita na kuendelea mbele. Sauti ni kazi ndogo mno, kwa hiyo haichelewi. Ndiyo maana unasikika vizuri huku mstari wako ukitokea vipande vipande.

Sasa hilo neno "slow". x264 ni enkoda inayoendeshwa na prosesa yenyewe, na yale majina yake, kuanzia "ultrafast" hadi "placebo", ni kipimo cha bidii ya kutafuta. Kwenye "veryfast" inalinganisha fremu mpya na fremu 1 ya rejea, kwenye "slow" na 5, na inajaribu njia nyingi zaidi za kukata kila kipande. Hiyo ni nzuri kwa mtu anayefinya filamu usiku kucha, asiyejali ikichukua saa 6. Wewe una milisekunde 40. Prosesa yako ina viini 2 na nyuzi 4, kasi ya msingi 2.4 GHz, na imetengenezwa itumie wati 15 tu. Hapo hapo inaendesha Windows, programu ya kuandikia na OBS yenyewe. Aliyekushauri alisoma "slow" akaelewa "ubora". Katika kurekodi papo kwa papo, ubora ambao prosesa haiwezi kuufikia kwa wakati haufiki kwenye faili hata kidogo. Unachopata ni fremu zilizorukwa.

Na bitireti ya 40,000? Kuiongeza hakulainishi mwendo. Bitireti ni nafasi unayoipa picha iwe safi, na kuongeza nafasi kunampa enkoda data nyingi zaidi ya kuandika, yaani mzigo juu ya mzigo. Tena kwa bitireti isiyobadilika unalipia hata sekunde unapokuwa umenyamaza na ubao umetulia. 40,000 ni megabaiti 5 kwa sekunde, gigabaiti 18 kwa saa. Kwa somo la ubao wenye maandishi tu! Hiyo bitireti isiyobadilika ilibuniwa kwa matangazo ya moja kwa moja, ambapo mtandao hauna budi kujua ni kiasi gani kitapita. Faili ya kwenye diski haihitaji hivyo.

Dawa yako iko ndani ya prosesa hiyohiyo. Tangu kizazi cha mwaka 2011, Intel imekuwa ikiweka kwenye prosesa zake nyingi sehemu maalumu ya kufinya video, inayoitwa Quick Sync. Ni saketi iliyojengwa kwa kazi hiyo moja, imekaa pembeni ya viini vya kawaida, na kwenye laptopu yako sasa hivi imelala. Kadi za NVIDIA zina yao, NVENC, tangu mwaka 2012, na AMD nao wana yao, lakini kwako hesabu ni Quick Sync tu.

Fungua "Settings", nenda "Output", na pale juu penye aina ya mipangilio chagua "Advanced", kisha ingia "Recording". Penye enkoda ya video chagua QuickSync H.264. Penye "Rate Control" ondoa CBR, ndiyo hiyo bitireti isiyobadilika, weka ICQ, na namba ya ubora anza na 22. Kwa ICQ unaitajia programu ubora unaoutaka, nayo inatumia data nyingi pale kuna mwendo na kidogo pale pametulia. Namba ikishuka ubora unapanda na faili inanenepa. Kwa maandishi na michoro nimezoea kukaa kati ya 20 na 23, na chini ya 18 sioni tofauti kwa macho ila uzito wa faili. "Target Usage" iache TU4. Ukiona bado fremu zinarukwa, sogeza kuelekea TU7, iliyo ya haraka zaidi. Usihangaike na HEVC, kiwango kipya zaidi cha kufinya video, ingawa prosesa yako inaiweza: H.264 ni kiwango cha mwaka 2003 na simu ya mwanafunzi, hata ya bei ya chini, itaicheza bila taabu.

Huenda ukafungua orodha ya enkoda na usiione QuickSync. Usikate tamaa. Kwenye laptopu zinazotoka nje na kufutwa kisha kuwekewa Windows upya, hili nimelikuta mara nyingi: dreva ya picha haijawekwa. Fungua "Device Manager", tazama penye "Display adapters". Kama pameandikwa "Microsoft Basic Display Adapter" badala ya Intel HD Graphics 520, hicho ndicho kisa. Pakua dreva kutoka tovuti ya Intel au ya mtengenezaji wa laptopu, iweke, uwashe mashine upya, na QuickSync itajitokeza. Ikikataa kabisa, rudi x264 lakini kwa "veryfast" au "superfast", na badala ya CBR weka CRF ya 22, ambayo kwa x264 hufanya kazi kama ICQ. Kwa CRF, kinachoongezeka zaidi ukitumia daraja la haraka ni uzito wa faili, na faili ya somo la ubao ni nyepesi kwa vyovyote.

Hapa ndipo wengi huishia. Wewe ukiishia hapa utaniandikia tena wiki ijayo, kwa sababu nyuma ya tatizo hilo kuna lingine limejificha. Utaona "encoding lag" imeshuka hadi sufuri, OBS imeridhika, na bado mstari wako hautiririki sawasawa. Utakuwa na mshtuko mdogo, wa kurudiarudia, ambao mtu anauhisi kabla hajauona. Hiyo itakuwa 25 PAL.

Ni kweli runinga ya Kenya ilikuwa ya PAL kabla mitambo ya analogi haijazimwa mwaka 2015, na ni kweli stima yetu inapiga mara 50 kwa sekunde. Kamera ya video inayopiga chini ya taa za tyubu ina sababu nzuri ya kufuata 25 au 50, maana taa zinapepesa kwa mpigo wa stima. Lakini skrini ya laptopu yako haijui Kenya iko wapi. Karibu kila laptopu ya kiofisi hujichora upya mara 60 kwa sekunde, iwe Kisumu au Kanada. Sasa gawanya 60 kwa 25: ni 2.4. Haigawanyiki sawasawa. Fremu moja ya rekodi inabeba michoro 2 ya skrini, inayofuata inabeba 3, kisha 2, kisha 3, kisha 2. Wewe unachora kwa mkono mmoja mtulivu, rekodi inachechemea. Na mwanafunzi akiitazama kwenye simu inayojichora mara 60, kuchechemea huko kunarudia tena upande wa pili. Ukiweka 30, kila fremu inabeba michoro 2, sawasawa, mwanzo hadi mwisho.

Basi nenda "Settings", "Video", uweke 30. Si 29.97, ambayo ni urithi wa runinga ya Marekani na haina kazi hapa. Na 60? Kwa michezo ya kompyuta naielewa. Kwa hesabu za kidato cha nne, 60 inaongeza mzigo mara mbili na kukata muda wa kila fremu hadi milisekunde 16.7, ili kalamu iteleze kidogo zaidi. Mimi nisingefanya hivyo kwenye mashine hii. Hapo hapo hakikisha namba mbili za ukubwa, ile ya turubai na ile ya faili, zote ni 1920 kwa 1080. Zikitofautiana kadi ya picha inabeba kazi ya kukuza au kupunguza kila fremu, na maandishi madogo yanapoteza makali yake. Ukitaka kuokoa data, teremsha zote pamoja hadi 1280 kwa 720 baada ya kuishusha skrini yenyewe kwenye Windows, ujionee kama kipeo kilichoandikwa kidogo bado kinasomeka.

Kuna sababu nyingine ambayo haimo kwenye OBS kabisa, nami ilinifunza kwa gharama. Mwaka jana nilirekodi mafunzo ya siku nzima katika ofisi moja huko Upper Hill. Mashine nilikuwa nimeijaribu nyumbani, kila kitu kilikuwa safi. Asubuhi hiyo chaja yangu niliisahau nikaazimwa nyingine iliyoingia vizuri kwenye tundu. Saa mbili za kwanza zilitoka zimekatikakatika, na nilikuwa nimebadilisha enkoda mara tatu kabla ya kufungua "Task Manager" na kutazama kasi ya prosesa. Ilikuwa imekwama chini ya 0.8 GHz. Laptopu nyingi za kiofisi zikishindwa kuitambua chaja hujibana zisije zikavuta umeme mwingi kuliko chaja inavyoweza kutoa. Betri ilionyesha inachajiwa, taa iliwaka, hakuna onyo nililoliona. Watu wale walikuwa wameacha kazi zao wakae mbele yangu, na saa zile mbili ilibidi tuzirudie. Tangu siku hiyo hilo ndilo ninaloangalia kwanza: "Task Manager", "Performance", "CPU", penye "Speed". Kwako, ukiwa unarekodi na prosesa ina kazi nyingi, inapaswa kuwa 2.4 GHz au zaidi. Ikiwa ni 0.8 au 1.1 na haitaki kupanda, shughulika na chaja, au na joto. Laptopu iliyofanya kazi miaka kadhaa kabla ya kufika Nairobi inaweza kuwa na blanketi la vumbi kwenye feni, na ile pesti ya kijivu iliyo kati ya prosesa na chuma cha kupoza imekauka. Fundi wa kawaida wa laptopu huisafisha na kupaka mpya kwa muda mfupi. Na usirekodi ukiwa kwa betri, wala kwenye hali ya kuokoa nguvu.

RAM usiiguse bado. Ikiwa siku moja utaongeza uso wako kwa kamera pamoja na kivinjari chenye michoro ya GeoGebra, na uone ile "rendering lag" ikianza kupanda, hapo fungua tena "Task Manager", upande wa kumbukumbu, usome nafasi zilizotumika. Kama ni 1 kati ya 2, kipande cha pili cha RAM kitasaidia zaidi ya unavyofikiri, kwa sababu kadi ya picha ya Intel haina kumbukumbu yake. Inakopa ya mashine, na vipande viwili vinampa njia mbili badala ya moja. Kabla ya kununua, jaribu pia kufungua OBS kama msimamizi. Kwenye Windows hiyo inaipa kipaumbele kwenye kadi ya picha. Kuhusu kamera, jua mapema kwamba kamera nyingi za laptopu hupunguza fremu zenyewe chumba kikiwa na giza, ili zivute mwanga zaidi. Uso wako ukikwamakwama huku ubao ukienda sawa, washa taa kabla hujagusa enkoda.

Jambo la stima. Ukirekodi moja kwa moja kwenye MP4 ya kawaida na stima ipotee huku betri yako ikiwa ile ya dakika tano, faili ile mara nyingi haifunguki tena, kwa kuwa ramani yake huandikwa mwishoni. Rekodi kwa MKV, aina nyingine ya faili ya video. Itakayokatika katikati bado itacheza hadi pale ilipokatikia. Ukimaliza, kwenye menyu ya "File" kuna "Remux Recordings", inaibadilisha kuwa MP4 bila kufinya upya, kwa muda mfupi tu, bila kupoteza chochote.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa ubao, hili la rangi. H.264 ya kawaida hutunza mwangaza wa kila pikseli lakini rangi huigawia pikseli nne nne kwa pamoja. Mstari mwembamba mwekundu juu ya ubao mweusi kwa hiyo utatoka umefifia, hata ICQ ukiishusha vipi. Tumia kalamu nene kwa nyekundu na bluu, na mihimili yako ya grafu iwe myeupe. Kuna muundo wa 4:4:4 usiogawa rangi, lakini QuickSync ya H.264 haiupokei na simu nyingi zingehangaika kuucheza.

Sasa tupime, maana macho hudanganya na kompyuta yako inaweza kuwa inakwama wakati wa kucheza faili, wala si wakati wa kuirekodi. Fungua saa ya kupimia mbio kwenye kivinjari, ile inayoonyesha sehemu za mia za sekunde, uirekodi kwa dakika 2 huku ukichora kando yake. Cheza faili kwa VLC, simamisha, kisha bonyeza herufi E mara nyingi. Kila mbonyezo ni fremu moja. Kwa fremu 30 saa inapaswa kusonga kwa 0.03, 0.03, 0.04, na kuendelea hivyo. Ukikuta imeruka 0.07 au 0.10, au fremu mbili zina muda uleule, kuna fremu iliyorukwa, na "Stats" itakuambia ni kwa mpishi yupi. Hatua zikiwa sawa lakini video ikikwama ikichezwa, ihamishe kwenye simu uitazame huko.

Fanya badiliko moja kwa wakati: kwanza QuickSync na ICQ ukiwa bado kwenye 25, upime, kisha 30, upime tena. Uniandikie namba za "Stats" za kila jaribio pamoja na kasi ya prosesa uliyoiona. "Encoding lag" ikibaki juu ya asilimia 1 baada ya hapo, nitumie pia faili ya kumbukumbu za OBS, iko chini ya menyu ya "Help".